Keki ya Apolonia na Rangi za Kanisa

Parokiani, Iringa
9 Aprili 1973

Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwa kuwa barua haiwezi kukusubiri uitikie, najibu mwenyewe: milele na milele, amina.

Mimi Bartholomeo Kalinga, mtunza sakristia wako mwaka wa kumi na tisa sasa, naomba kwa heshima zote usisome tangazo la tatu la ndoa ya binti yangu Apolonia Jumapili ijayo. Kijana Lutengano sina ugomvi naye. Ni Mmoravia, lakini Askofu ametoa kibali, na ana kazi ya heshima kwenye shamba la utafiti kule Uyole, Mbeya. Tatizo ni keki.

Mama yake Lutengano ndiye mwokaji. Kwa adabu zake ametuma kwa basi vikeki vitatu, kila kimoja na rangi yake, ili sisi upande wa bibi harusi tuchague. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka. Nami kama mtu anayekuandalia mavazi ya Misa kwa rangi ya kila majira, nimevikagua siku nne kwa macho yangu mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kikeki cha kwanza kimetiwa rangi nyekundu ya maji, ile ya chupa ndogo. Kilifika chekundu cha Pentekoste kabisa. Siku ya tatu kilikuwa waridi. Waridi Kanisa linairuhusu Jumapili mbili tu kwa mwaka, na harusi haimo. Tena imani ya kupauka kwa siku tatu tunayo ya kutosha hapa parokiani, hatuna haja ya kuiagiza Mbeya.

2. Cha pili kina rangi ya unga, ya kopo. Hiyo haipauki. Nililamba kidogo Jumamosi, kwa uchunguzi tu, maana Kwaresima yote hii sijagusa sukari. Jumapili nilipotoa ulimi wenye rangi hiyo kupokea Komunyo, wewe ulisita, Padre, hostia mkononi. Benchi la mbele waliona. Sasa inasemekana Kalinga amezuiwa Sakramenti, na naulizwa dhambi yangu hadi kisimani.

3. Cha tatu kimetiwa maji ya bitiruti. Nikafurahi, kwa kuwa hiyo ni rangi ya Mungu mwenyewe, haina kiwanda. Kufika jana imegeuka udongo, na ladha yake ni ya shamba lililonyeshewa. Majivu tulishapakwa mwezi uliopita, yanatosha.

4. Mke wangu Severina anasema basi iwe nyeupe, na kwamba keki huliwa, haivaliwi. Severina hajui liturujia. Nyeupe ndiyo rangi yako ya Pasaka. Keki ya ghorofa tatu ikisimama pale ukumbini imevaa sawa na Padre, kuna wazee wataipigia goti.

5. Kwa hiyo rangi hakuna. Pasipo rangi hakuna keki, pasipo keki wageni wa Mbeya watasema tumewadharau, na ndoa ya kuanza na dharau ni heri isianze. Naomba isogezwe mpaka baada ya mavuno. Baada ya mavuno kuna kulima, baada ya kulima kuna Majilio, na mwakani kuna Kwaresima tena. Mimi sina haraka.

Kama Lutengano anaweza kuhamishiwa Iringa, suala la rangi naweza kulilegeza.

Wasalimie masista wote, na Marcelino mpiga kengele, na mpishi wako. Kamwene kwa nyumba nzima.

Mtumishi wako katika Kristo,
Bartholomeo Kalinga

Nyongeza: Padre, mwandiko huu ni wa Apolonia. Mimi nasema, yeye anaandika. Hajabadilisha hata neno moja, ila kwenye namba tano aliweka kalamu chini akalia. Basi nikuambie ukweli. Rangi za vikeki kanitajia yeye. Mwaka wa pili huu macho yangu yana ukungu, kijani na zambarau kwangu ni kitu kimoja. Kila Jumamosi jioni yeye ndiye hufungua kabati na kunipa mavazi yaliyo sahihi, na wewe hukuwahi kujua. Naiogopa sana Jumapili ya kwanza atakapokuwa Uyole. Lakini woga huo ni wangu, si wa kumzuilia mtoto ndoa yake. Soma tangazo. Ufunguo wa sakristia nitakukabidhi mwenyewe baada ya Misa.