Jani la Mwenyekiti

Kwa heshima na taadhima, naufahamisha umma kwamba mwaka huu wa 1999 kiwanda chetu cha chai kimeingia kwenye mtandao wa dunia nzima. Mimi, katibu wa Kamati Maalum ya Kuboresha Webusaiti, nilikuwepo tangu mwanzo. Wanaosema tuliharibu mambo wana wivu tu.

Webusaiti yenyewe ilitengenezwa na Janeffer, msichana wa kompyuta kutoka Kericho mjini. Ilikuwa na picha moja: majani mawili na chipukizi, vile kila mkulima hufundishwa kuchuna. Ilipendeza, kusema kweli.

"Imeisha, wazee," Janeffer akasema. "Tuiachie hapo."

Imeisha vipi na kamati haijaketi? Tuliketi. Mkurugenzi Kipkurui aliuliza mbona upande wake wa Chepseon hauna jani. Tukaongeza jani, tukaliandika jina lake. Mkurugenzi Ogeto akasema hata watu wake wanalima chai. Jani lingine, jina lingine. Mwisho Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Gibson, akaikazia macho ile skrini, akatoa maoni ya kiufundi: chipukizi ni dogo mno kusimama katikati ya watu wazima. Likaondolewa. Mahali pake likawekwa jani la Mwenyekiti, pana kama sinia.

"Mzee, hii si chai tena," Janeffer alilalamika. "Hii ni sukuma wiki!"

"Ongeza kijani," Mwenyekiti akajibu.

Kwa kuwa wakulima hawana kompyuta, tuliichapisha webusaiti kwa karatasi, Mwenyekiti akatia sahihi, ikabandikwa kwenye kila kituo cha kununua majani. Huo ndio utandawazi.

Kesho yake akafika Mama Gesare. Huyu mama, kila akileta kikapu, karani Chepyegon humkatalia kwa sababu ya jani la tatu, na jasho la siku nzima linaenda bure. Safari hii alileta majani makubwa, magumu, bila chipukizi hata moja.

"Mama, umechuna ama umefyeka?"

"Nimechuna ile iko kwa picha. Kama ni mbaya, ambia mwenye sahihi."

Chepyegon akatazama sahihi, akapima. Wengine kuona hivyo, wakakimbilia mashambani. Kufika saa nane mashine za kiwanda zilikuwa zimekwama, na Mwenyekiti akaja mbio kituoni, mimi nikiwa nyuma yake na kalamu.

"Nani aliwaambia mlete takataka hapa?"

Wakulima wote wakaonyesha karatasi ukutani.

"Sikilizeni!" Mwenyekiti akafoka. "Chai ni majani mawili na chipukizi. Basi!"

"Na hili kubwa la katikati?" Mama Gesare akauliza, kidole kikiwa juu ya picha.

"Hilo limekomaa kupita kiasi. Halina faida, na linaharibia hayo mengine. Litolewe leo!"

"Limeandikwa Gibson."

Mwenyekiti akaisogelea karatasi, akasoma jina lake.

"Mwenyekiti amependekeza," Mama Gesare akawageukia wenzake. "Nani anaunga mkono?"

Ikainuka mikono kituo kizima, wa Chepyegon ukitangulia. Wakulima ndio wanachama wa kiwanda, na walikuwa wengi kuliko mkutano mkuu wowote, na taratibu ni taratibu. Niliandika kama inavyotakiwa: Mwenyekiti aliondolewa kwa pendekezo lake mwenyewe.