Nafasi Yangu ya Uzamili

Jumatatu, 6 Juni 1994
Siku yangu imefika! Mkuu wa chuo chetu hapa Liuli, ziwani, ametangaza: Jumamosi anakuja Daktari Gaudiosa kutoka chuo kikuu, kuchagua mtu wa kusomea shahada ya uzamili ya ulezi wa wanachuo. Mmoja tu. Nani kama si mimi? Bweni la wavulana naliongoza mwenyewe, na Malawi nimefika. Mkuu akasema uzamili unataka mwenye shahada ya kwanza, nami niliishia kidato cha pili. Nikamjibu hizo taratibu za zamani. Siku hizi soko ni huria.

Jumatano, 8 Juni
Nimerudi kutoka Mbinga na koti la mtumba, mfukoni nembo ya chuo cha Ulaya. Muuzaji kaapa kwamba marehemu mwenye koti alikuwa profesa. Nusu ya shahada nimeshaivaa!

Mpinzani ni Lidia, mlezi wa wasichana, mzaliwa wa Mbaha. Ana shahada, lakini hana mbinu. Mimi ninayo: burudani! Nimetuma salamu kwa Mzee William, kapteni wa ngoma ya mganda kule kwao Mbaha, aje na timu yake Jumamosi. Lidia akaniuliza kama nimejipanga kweli. Nikamwambia, dada, acha wivu. Sisi Wamatengo wa milimani ngoma tunazijua: wanapiga, wanaruka, wanakwenda kwao.

Ijumaa, 10 Juni
Wamefika. Leo! Boti zimejaa, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, na wake zao. Nikatoa shikamoo. Mzee William akaitikia marahaba mwanangu, kisha akauliza wanalala wapi na wanakula nini.

Kumbe! Huku ziwani ukiita timu ya mganda, wewe ndiye mwenyeji: malazi yako, chakula chako, mpaka waage. Ningewafukuza? Wazee wa watu, wamelowa hivyo? Siwezi. Nimewapa ugali na usipa, dagaa wa ziwani, vyote vya wanachuo. Nimewapa vitanda vya bweni. Babu mmoja nimempa shuka langu. Wamenitungia wimbo, jina langu limo!

Jumamosi, 11 Juni
Balaa. Wanachuo wameamka na njaa, wamegoma. Wanapiga sahani kwa vijiko, wanaimba kwamba mimi, Baba Ildefonsi, nimewauza. Hapo hapo gari la Daktari! Nikamkimbilia na koti langu, nikamweleza kuwa haya ni mafunzo kwa vitendo. Akauliza vitendo gani. Sahani ikapita juu ya kichwa changu.

Lidia hakupiga kelele. Alimwendea Mzee William, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kinyasa, akamweleza shida yetu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alisema angeambiwa mapema kwamba mwenyeji ni Mmatengo asiyejua desturi za ziwani! Mara wachezaji wametawanyika kwa ndugu zao hapa Liuli, wamerudi na mihogo na samaki. Wake zao wakashika jiko. Mgeni na mwanachuo, sahani moja. Waliposhiba, mganda! Vinara wa mgomo ndio waliotimua vumbi zaidi. Daktari mwenyewe kavua viatu.

Jumapili, 12 Juni
Kachaguliwa Lidia. Nikataka kumnunia, nikashindwa. Nimemchinjia jogoo wangu. Akaniambia, “Kaka Ildefonsi, bila ile njaa yako nisingeonekana.” Basi, si mchango huo?

Jumanne, 14 Juni
Nimeligundua kosa. Nililenga chini mno! Uzamili kila mtu anautaka. Mimi naomba shahada ya udaktari moja kwa moja, huko hakuna foleni. Mkuu amenisihi nipumzike. Anaogopa nitampita cheo.

Daktari atarudi mwezi ujao kumchukua Lidia. Safari hii sitaki ngoma. Nimealika kwaya ya kanisa la kule Kingerikiti. Watu wa kanisa, wastaarabu: wanaimba, wanaondoka. Mwalimu wao kauliza waje wanakwaya peke yao au na familia. Nimemjibu, ndugu yangu, mbona swali hilo? Njooni wote!