Nyota ya Msajili Mkuu

Ofisi ya Usajili wa Vizazi na Vifo ina furaha kuutangazia umma kwamba nyota zote zinazozaliwa angani sasa zitasajiliwa. Nayasema haya nikiwa Naibu Msajili, niliyeshika muhuri siku usajili huu ulipoanza.

Mtaalamu mmoja wa nyota, mama wa makamo, alikuja kusajili mjukuu. Akiwa kwenye foleni akawa anawaonyesha wenzake picha ya galaksi mbili, yaani makundi makubwa ya nyota. Msajili Mkuu akasikia vicheko, akatoka ofisini.

"Hizi zimegongana," mama alimweleza. "Gesi zikasongamana, ndiyo maana nyota zinazaliwa kwa fujo hivi."

"Zinazaliwa kwa kibali cha nani?"

"Zinazaliwa tu, mzee."

"Wazazi wao wako wapi?"

"Ndio hizi galaksi mbili, wanaungana. Kila mmoja alikuwa na mikono ya nyota inayojizungusha. Mwisho watabaki bonge moja la duara."

"Wabadilishe picha za vitambulisho," Msajili Mkuu aliniamuru. Nikaandika.

Kisha akaigusa nyota kubwa kuliko zote, ya buluu, inayong'aa kama imepakwa mafuta. "Hii isajiliwe kwa jina langu. Jina kamili, pamoja na cheo."

Nikagonga muhuri. Tulipiga makofi mpaka kalenda ikadondoka ukutani. Bosi alitabasamu, jambo lisilo la kawaida saa za kazi.

"Ungechagua ile ndogo nyekundu, mzee," mama alisema kwa upole. "Hizi kubwa za buluu hazina maisha marefu. Na mwanga huu umesafiri mamilioni ya miaka. Hiyo ilishalipuka zamani."

"Ikawaje?"

"Ikafa."

Waraka wa Msajili Mkuu mwenyewe unasema wazi: aliyesajiliwa akifa, kifo kiandikwe papo hapo na jina lake lifutwe kila mahali. Nilimtazama bosi, bosi akanitazama. Mimi ni mtumishi mtiifu. Nikagonga muhuri wa pili, wa kifo, juu ya jina lake na cheo chake.

Bosi alipotoka kula mchana, mlinzi alimzuia mlangoni asirudi ndani. "Poleni sana kwa msiba, mzee, lakini marehemu hawaruhusiwi kuingia."

Akampigia waziri simu. Waziri akatuma shada la maua.

Ili afufuke kisheria, anahitaji barua ya kuthibitisha kwamba yu hai, iliyosainiwa na Msajili Mkuu. Kwa kuwa kiti hicho ki wazi, nimeteuliwa kukikaimu. Jana alikuja dirishani kwangu, jasho linamtiririka.

"Wewe si unanijua, ndugu yangu?"

"Nakujua sana, mzee," nikamwambia. "Njoo kesho."