Maksai Kalala Kwenye Pevingi Zangu

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe, tena peku.

Mnajua nafyatua matofali ya pevingi hapa Mpanda. Siku hizi nina aina mpya: meupe, yenye matundu ya kuoteshea nyasi. Hayashiki joto, maji ya mvua yanazama chini, uwanja haugeuki kikaango. Mteja? Hata mmoja! Watu wanataka meusi, eti ndiyo yanapendeza. (Wapendeze na waungue.)

Basi nikatandaza ya mfano mbele ya banda langu, upande mmoja meusi, upande mmoja meupe. Leo saa saba akapita Mzee Masanja wa Mwamkulu, anayejenga nyumba kubwa mjini. Nikimpata huyu, nimetoka! Alikuwa anamswaga maksai wake kwenda mnadani.

Nikavua viatu kwa mbwembwe, nikaviacha kwenye meupe. Nikaita kijiwe kizima cha bodaboda waje kushuhudia. Hotuba ikawa ndefu. (Najijua.)

"Mzee, hapa kwenye meupe nasimama mpaka jioni. Sasa tazama meusi..."

Nikakanyaga meusi. Mama yangu weee!

Nikageuka nirudi kwenye meupe. Hakuna nafasi! Maksai kashakula nyasi zangu zote (nilizimwagilia asubuhi ili zing'ae), kapiga magoti, kajilaza. Viatu viko chini ya tumbo lake. Kulia rundo la kokoto, kushoto lami. Nikabaki naruka kama bisi.

"Cheza fundi, tunarekodi!" vijana wa bodaboda wakapiga kelele.

Mzee akashangaa. "Bhebhe, yaani wewe! Si ulisema ni ya baridi, mwanangu?"

"Ya baridi ni hayo aliyolalia ng'ombe wako! Mwinue, nakufa!"

Mzee akamtazama maksai wake, anacheua, macho kafumba nusu. "Huyu huwa halali hovyo," akasema. "Nimeamini. Nayachukua."

Nikasahau nyayo zangu. Nikapiga kigelegele! "Uwanja mzima wa nyumba, mzee?"

"Hapana. Nyumbani naweka meusi, mama watoto anayapenda. Haya meupe nitandazie zizini."

Vijana wakalala chini kwa kicheko. Maksai naye akainuka kwa wakati wake. Kiatu kimoja kizima, kingine kimejaa mavi.

Kazi nimeikubali, sina ujanja. Naandika haya nyayo zikiwa kwenye beseni la maji. Anayetaka kucheka aje, lakini avue viatu kwanza, na njia ni ile ya meusi.