Maneno Matano ya Kutetemeka

Same, Upareni
9 Julai 1934

Kwa Bwana Mtungaji wa Kamusi ya Kiingereza,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Asheri, mkalimani wa mahakama hapa Same. Naandika kwa uchungu: lugha yenu inatetemeka kupita kiasi.

1. Jumanne iliyopita aliletwa Mama Koleta, mjane wa kijiji cha Chome, kwa kosa la kukata mti katika msitu wa Serikali. Alisimama mbele yetu akitetemeka kwa homa. Bwana Shauri, hakimu wetu Mwingereza, akauliza, "Ana nini huyu?" Nikafungua kamusi yako, nikakuta kutetemeka kuna maneno matano: tremble, shiver, shudder, quiver na quake. Nikachagua quake, kwa kuwa ni fupi na watu waliongoja zamu nje walikuwa wengi.

2. Kumbe quake ni la ardhi, na la mtu mwenye hofu kuu. Bwana Shauri akasema, "Asiye na hatia haogopi hivyo," akaandika kifungo cha miezi mitatu. Mama Koleta akanigeukia. "Mwanangu, umemwambia nini?" Nikaifungua kamusi upya.

3. Nimechunguza asili zao. Tremble ni la Warumi, likapitia kwa Wafaransa. Shudder limetoka upande wa Wajerumani, ambao hapa kwetu waliondolewa kwa vita; kwenu neno lao bado linakaa bure. Shiver hamjui hata kwao ni wapi. Wengine husema kwao ni kwenye taya, yaani limetokana na neno la kale la taya. Mpare asiyejua kwao angeulizwa na jumbe siku hiyo hiyo.

4. Kwa hiyo futa manne, ubakize moja. Ikishindikana, Waingereza wakatazwe kutetemeka wawapo Tanganyika, na huko kwenu kwenye baridi kila ukoo ugawiwe neno lake.

Nisalimie mama watoto, wazee wako, na wote wanaokusaidia kupanga maneno.

Ni mimi, mtiifu mwenye masikitiko,
Asheri

Baada ya sahihi: Mke wangu Hedwiga ameisoma barua hii, akauliza mbona nimeficha mwisho wa kesi. Ni kweli. Siku ile ile nilirudi kwa Bwana Shauri nikasema, "Bwana, nilikosea. Si quake, ni shiver. Meno yanagongana kwa homa." Akamgusa mama paji la uso, akafuta hukumu, akampeleka hospitali. Kesi iliposikilizwa upya, mashahidi wakasema mti uliangushwa na upepo. Basi usifute hata moja. Tena leo, alipoachiwa, Mama Koleta alinishika mikono yote miwili, tukatetemeka sote, wala hakuna aliyekuwa na homa. Nimelitafuta neno la kutetemeka kwa namna hiyo katika kamusi yako nzima, sikuliona. Tafadhali liongeze.