Ombi la Kufunguliwa Gari Langu la Mashindano, Lililofungiwa Banda Moja na Mbuzi

Jaribu Bakar Jaribu,
Nyumba inayogusana na yako,
Njia ya Gando, Wete.
Jumanne, 25 Septemba 2012.

Kumb. Na. JBJ/GARI/1

Kwa Mheshimiwa Sheha, Mzee Haroub Jaribu
(ambaye baada ya saa za kazi ni Ami yangu).

YAH: KUZUILIWA KINYUME CHA AKILI KWA GARI LA UMEME LA MASHINDANO, LA KWANZA KISIWANI

Ndugu Sheha, Ami yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo juu yake. Sikuulizi hali kwa sababu nimekuona asubuhi hii unapiga mswaki na afya yako ni nzuri kuliko ya wengi tunaoonewa. Ningeweza kukuitia juu ya ukuta tukayamaliza, lakini jana nilipokuja barazani kwako ulinambia mbele za watu: "Hapa ni ofisini, mie sina udugu. Mwenye malalamiko aandike barua." Basi barua ndiyo hii. Umeitaka mwenyewe, isome yote.

Gari langu umelifunga tangu Jumapili jioni. Jumamosi hii wanakaa Wete mabwana wa kuchagua vijana watano wa kuingia chuo cha ufundi, na safari hii hawataki vyeti, wanataka kuona kitu ulichokiunda kwa mikono yako. Ami, wajua kuwa mie na skuli tuliachana kidato cha pili, talaka tatu, na hesabu ndiyo iliyokuwa shahidi. Mlango mwengine kama huu sitauona. Nikienda bila ya gari nitasimama mbele yao na mikono mitupu, na mikono mitupu kila mtu anayo.

Kwa ajili ya faili lako, naeleza historia. Rafiki yangu Muhannad alinionesha kwenye simu gari la mashindano la Ulaya, la umeme, limelala chini kama kaa anayejificha, halina moshi wala mlio. Wenyewe walioliunda wanasema haliuzwi. Wameliunda ili watu waione fikra yao tu. Nikasema, kumbe mzungu akiwa na fikra anaitilia magurudumu, na mie ninazo fikra mpaka usingizi haunikai! Tukaanza. Miezi tisa, Ami, kama mimba. Kiunzi ni mabomba ya kitanda cha marehemu bibi. Bodi ni mapipa ya maji yaliyopasuliwa. Betri nne za sola. Mota imetoka katika mashine ya kufulia ya mkeo, Bi Moza, aliyenipa kwa mkono wake na kusema: "Chukua, mwanangu, hii haifui, inapiga makelele tu." Ndiyo maana gari likikolea mwendo hutikisika kama linakamua shuka. Muhannad anasema hiyo ni kasoro. Mie nasema hiyo ni asili, na asili haifichiki.

Sasa malalamiko.

1. UKIMYA. Katika karatasi yako ya kulizuia gari umeandika: "Gari halina sauti, hivyo ni hatari kwa wananchi." Ami, mie nimezaliwa katika shehia hii na sijapata kuona kitu kikishitakiwa kwa kunyamaza. Ni kweli kwamba Bi Kazija alikuwa ameanika karafuu zake barabarani, majamvi manne. Ni kweli alinipa mgongo, anazigeuza. Ni kweli hakusikia kitu, alisikia harufu tu imepanda, akageuka akaniona niko jamvi la tatu. Akapiga ukelele: "Yarabi, jini!" Aliponitambua akasema: "Bora lingekuwa jini." Lakini karafuu hazikudhurika. Zilizonasa kwenye matairi nilizichomoa moja moja mpaka ikaadhiniwa, na nyingine zilikuwa zimeshatengana na makonyo, vile vijiti vyake, kazi ambayo Bi Kazija hufanya kwa vidole siku nzima, mie nimemfanyia kwa nukta mbili. Badala ya ahsante nimepata kesi. Na barabara ilijengwa kwa ajili ya nani, tairi au karafuu? Jamvi lina leseni? Tena nilikuja na suluhu, nikasema Muhannad atakimbia mbele ya gari akipiga debe. Ukakataa, ukasema hiyo ni fujo. Basi nikinyamaza ni hatari, nikipiga debe ni fujo. Nambie kiasi cha kelele unachokitaka, nikipime.

2. RANGI. Mapipa yalikuwa ya buluu, sikuyachagua, yamekuja hivyo na maji yake. Watu wa upande mmoja wakaja wakanipigia makofi, wa upande mwengine wakaacha kunijibu salamu. Nikapaka kijani. Makofi yakahama, salamu zikahama. Nikaona yakhe, nipake nusu buluu nusu kijani nipate raha, na ukaja weye mwenyewe ukalizunguka mara mbili mikono nyuma, ukasema: "Hii ndiyo serikali ya umoja?" Kisha ukauliza nani kakaa kushoto na nani kulia. Ami, ndani mna kiti kimoja! Nakaa mie! Katika nchi hii tangu vyama vije hakuna rangi iliyobaki ya kupakia gari, labda lile vumbi la njia ya Kiuyu, na hilo nalo siku watakapolitia kwenye bendera itabidi tuoge mara tatu.

3. JINA. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Gari la namna ile, lililoundwa ili fikra ionekane, nilitafuta jina lake katika kamusi ya Muhannad nikakuta "dhana". Nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: GARI LA DHANA. Ijumaa, Shehe Mmanga akasema msikitini: "Jamani, tujiepushe na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi." Msikiti mzima ukageuka kunitazama. Nilimfuata baada ya sala, akacheka mpaka kofia ikamwanguka: "Mwanangu, mie nilikuwa nawasema wanaowadhania jirani zao wizi wa kuku. Hilo gari lako hata sijaliona." Lakini maji yalikuwa yameshamwagika, na watoto wakipita karibu na gari wakawa wanapiga istighfari.

Si hayo tu. Ukapiga simu kituoni kuripoti "gari la dhana", na askari aliyepokea ni mtu wa bara, muungwana sana, ila dh haikai kinywani mwake. Akaandika "gari la zana". Wakaja wawili na bunduki. Mmoja akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Kijana, hizo zana ziko wapi?" Mie nikajua wamekuja kuniona fundi, nikavimba kifua, nikajibu: "Zote ziko chini ya kitanda changu, afande, na nyingine nimezificha ndugu zangu wasiziguse." Ami, walilala kifudifudi. Walitoa bisibisi mbili, koleo, msumeno na nyundo isiyo mpini, wakavipanga uani kimoja kimoja, mama yangu kashika kichwa. Wakaondoka wanacheka, lakini yule mmoja kabla hajatoka alinisogelea akanong'ona: "Hiyo nyundo itie mpini." Hayo yote kwa sababu weye hukusema tu "gari la Jaribu".

4. La nne lilikuwa zito kuliko yote, lakini Bi Moza ameniita kula na lilipofika kwenye samaki limenitoka. Nafasi yake naiacha wazi, ukilijua litie mwenyewe.

5. MBUZI. Umelifunga gari katika banda la mbuzi wako. Kiti chake nilikitengeneza kwa gunia na sufi, na sasa kimeliwa chote mpaka kwenye bomba. Yule jike jeupe amepanda, amekaa mahali pa dereva, na nikichungulia kwenye tundu hunitazama kama mie ndiye abiria niliyechelewa. Hivi ndivyo serikali inavyotunza vielelezo?

6. DHARAU. Ulisema sokoni, watu wakasikia, "Hilo hata punda halimpiti." Naomba iingie katika rekodi kwamba Jumapili ile nilimpita Qais wa Kiuyu akiwa na pikipiki yake mpya. Qais anasema alikuwa anaisukuma, ati tairi limepasuka. Pikipiki ni pikipiki, Ami. Mbio ni mbio. Mwenzako akipasukiwa husimami kumngoja.

7. HESHIMA. Hili la mwisho nakuomba ukae kitako kwanza. Mie nimepewa jina la babu, na babu ni baba yako. Tangu nizaliwe huniiti Jaribu. Huniita "baba", hata ukinituma sigara husema "baba, kimbia dukani". Sasa piga hesabu, mie sizijui lakini hii ni rahisi. Ukimfungia Jaribu gari, umemfungia baba yako. Umemtoa baba yako barabarani mbele za watu na kumketisha mbuzi mahali pake. Mtoto wa namna hii hata duniani huitwa nani? Mie sitamki laana, baba hakimbilii huko. Nakusamehe kabla hujaomba, ila ufunguo uje.

Kwa hayo yote naomba gari litolewe Ijumaa baada ya sala, mbuzi ashushwe kwa adabu, na niandikiwe msamaha, hata mistari miwili inatosha mradi kuna muhuri. Nami kwa upande wangu nitakupakia weye mtu wa kwanza, ukubali kukaa juu ya bomba.

Kalamu hii ni ya kuazima na mwenyewe kasimama mlangoni kashika kiuno, kwa hiyo naishia papa hapa. Nisalimie Bi Moza, mwambie samaki alikuwa mzuri. Nisalimie Bi Kazija kwa mbali. Nisalimie Shehe Mmanga, askari wote wawili, na Qais ukimkuta anasukuma. Mbuzi simsalimii.

Wako mtiifu saa za kazi, na baba yako baada yake,
Jaribu Bakar Jaribu,
Muundaji.

Nakala: Bi Moza, kwa taarifa na hatua za jikoni.

NYONGEZA, Jumatano asubuhi. Ami, barua nilikuwa naileta, nimekutana na Muhannad anatoka Wete mjini, anahema. Kumbe wale mabwana wa chuo hawaangalii gari kwa macho. Wanapanda wao wenyewe, mmoja mmoja, na kijana anawateremsha kutoka sokoni mpaka bandarini, mteremko wote ule. Sasa katika barua nzima, kwa kubanwa na karatasi, sikupata nafasi ya kugusia habari ya breki. Hamna. Ile Jumapili lililonisimamisha ni jamvi la tatu la Bi Kazija, Mungu ampe umri. Lakini Muhannad anasema ipo kanuni, kijana ambaye chombo chake kimezuiliwa na serikali, akileta karatasi ya sheha yenye muhuri, hapandishi mtu. Atakaa kitini aeleze kwa maneno matupu jinsi alivyokiunda na kinavyokwenda. Kwa hiyo, Ami yangu, baba yangu, tafadhali yote niliyoandika yasome kutoka chini kwenda juu. Usilifungue. Tia kufuli la pili. Ongeza mbuzi. Gonga muhuri papo hapo, wino uwe mwingi, nami nije kuuchukua kabla ya adhuhuri. Maana kwa maneno matupu, wallahi, wale mabwana nitawateremsha mpaka bandarini na kuwapandisha tena sokoni, na hakuna hata mmoja atakayekuwa ameinuka kitini.