Mheshimiwa Mwenye Namba Fupi

Jumamosi, 15 Machi

Dampo la mji. Matope hadi vifundoni. Kwenye kibanda cha vitu vya bure nimeona kiti kirefu cha mtoto, kizima! Nikashika mguu mmoja. Bi Verna Pickering, yule bibi wa pikapu inayonuka kuku, akashika mwingine. Akasema alikiona kwanza. Nikamwambia kuku wake hawahitaji kiti. Watu wakacheka. Nimeondoka nacho. Ushindi!

Jumatatu, 17 Machi

Wendell, miaka miwili na nusu, kajifunza kufungua mlango. Nimemdaka hatua tatu kutoka barabarani, lori la magogo likipita kama limeibiwa. Nimembusu kwanza, nikamgombeza baadaye.

Tunahitaji kibao cha kupunguza mwendo. Barabara ni ya jimbo, kwa hiyo lazima mbunge wetu aliseme hilo Concord, kwenye bunge la jimbo. Mbunge wetu nani? Mume wangu Royce hajui. Anasema wako mia nne, kwenye jimbo dogo kama leso. Ukirusha jiwe utampiga mmoja. Eti nimpigie simu karani wa mji, atanitajia. Simu! Mambo makubwa hayaendi hivyo.

Jumanne, 18 Machi

Nimemgundua mwenyewe! Bwana Thurlow Batchelder. Gari jeusi, na namba yake ya usajili ni 61. Tarakimu mbili tu! Huku wabunge hupewa namba fupi za gari; namba kama hiyo hapewi mtu wa hivi hivi.

Mpango: pai ya sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti. Mkubwa haombwi kwa mikono mitupu. Pai ya kwanza imeungua, kichanga wangu Odile alitaka kunyonya. Ya pili safi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempelekea. Nimemwita Mheshimiwa mara saba. Kala vipande vitatu huku nikimweleza habari ya lori, akitikisa kichwa kwa huruma. Mwishowe akasema namba karithi kwa babu yake. Yeye mwenyewe alikuwa fundi piano tu, si mbunge. Mbona hakusema mapema? Akajibu pai ilikuwa tamu, tena hajawahi kuitwa mheshimiwa tangu azaliwe. Sahani yangu kabaki nayo.

Nimempigia karani, Eunice. Jibu halikuchukua hata dakika. Verna Pickering. Muhula wa tano! Nikauliza kama hakuna Verna mwingine. Akasema ni huyohuyo wa kuku. Pikapu yake ina namba ya ubunge kabisa, ila msimu huu matope hayaruhusu kuisoma.

Nimekaa kwenye ngazi na Odile mapajani. Tumelia wote wawili.

Jumamosi, 22 Machi

Dampo. Nimemrudishia Verna kiti, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Nikamwita Mheshimiwa.

“Juzi nilikuwa mama kuku,” akasema.

Nikaanza hotuba yangu. Akanikatiza. “Mwanangu, Jumatatu nilikuwa nyuma ya lile lori. Nilikuona unavyokimbia, soksi mguu mmoja. Unadhani nilipata usingizi? Barua ya kibao niliandika Jumanne.”

Akaniambia kibao kitachukua hadi Mei, nisimwachie mtoto mlango wazi. Akachimba kibandani, akanipa komeo la zamani, zito kama nyundo. Kiti akanirudishia. Nikamuuliza alikitakia nini. Akasema ana kuku kiwete, anapenda kukaa juu.

Kanipa na trei ya mayai. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Jumapili, 23 Machi

Komeo limefungwa juu kabisa. Wendell karuka mara ishirini, halifikii. Kanuna. Anune tu, mpenzi wangu.

Sasa nataka njia ya waenda kwa miguu mpaka maktaba. Hilo ni la seneta. Wako ishirini na wanne; wetu sijui ni yupi. Royce anasema nimpigie Eunice.

Haina haja! Leo nje ya kanisa nimeona mzee mmoja akishuka kwenye gari la kijani. Namba yake: 9. Tarakimu moja!

Mayai ninayo. Nimeshawasha oveni.